Waliokula Mkononi mwa Mama Onja

Habari ya lori ilimkuta Clotilde uani, akisugua kwa majivu sufuria kubwa ya kampuni. Lucien, mumewe, alikuwa ameipata parokiani, akaisema akiwa bado amesimama mlangoni na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuposa. Alisema kesho asubuhi lori la ONU, Umoja wa Mataifa, litasimama mbele ya kanisa la mtaa wao wa Katuba, litachukua Wakasai wote wanaotaka kwenda kambini, na kwamba padri amemwita pembeni akamshauri asingoje lori la pili, kwa sababu hakuna aliyeahidi kwamba litakuja.

Clotilde hakuinua uso. Aliuliza tu kama kesho si Jumamosi. Lucien akakubali kwamba ni Jumamosi.

"Basi miye niko na soko," Clotilde akasema, akaendelea kusugua.

Msomaji asimcheke haraka. Ilikuwa Septemba ya mwaka 1961, mwaka wa pili tangu Katanga ijitangaze kuwa nchi peke yake, yenye bendera yake, stempu zake na askari wake, na katika nchi hiyo mpya Mkasai alikuwa amegeuka mgeni ghafla, hata kama baba yake ndiye aliyelaza reli iliyofika pale. Kila asubuhi nyumba nyingine ya Mkasai ilionekana imefungwa kwa kufuli, na ikifika jioni kufuli halipo, wala mlango. Watu walipita na magodoro vichwani kuelekea kambini, nje ya mji, ambako askari wa kofia za buluu walikuwa wakiwalinda. Lucien mwenyewe, karani wa ofisi ya reli, alikuwa ameambiwa tangu Julai apumzike nyumbani mpaka aitwe, na hadi siku hiyo hakuna aliyemwita. Nyumba ilikula kwa mkono wa Clotilde, na mkono wa Clotilde ulikuwa unajulikana mji mzima.

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wake. Wengine walikuwa wanategemea mabunduki ya ONU, wengine rozari. Clotilde alitegemea vikombe vya supu.

*

Jina la Mama Onja, alilopewa Clotilde, halikuanguka kutoka mbinguni. Miaka minne nyuma, kampuni moja ya Wazungu yenye ghala karibu na stesheni ilianza kuuza vidonge vya supu, vile vidogo vya mraba ambavyo watu waliviita kibe, na haikupata mnunuzi. Akina mama walikuwa na nyanya, chumvi na mafuta ya mawese. Kibe cha nini? Ndipo Bwana Gérard, Mbelgiji mwembamba aliyesimamia mauzo, akamwajiri Clotilde kwa sababu alisoma kwa masista na aliongea Kifaransa bila kumung'unya, akamfundisha kazi ya kugawa chakula bure.

Alimweleza kwamba jambo hilo kwao Ulaya ni la zamani. Enzi za babu yake, wenye sabuni walianza kugawa vipande vidogo nyumba kwa nyumba, wakafuata wenye kahawa, wenye chokoleti na wenye jibini, mpaka ikawa duka lisilo na msichana wa kuonjesha mlangoni linaonekana limelala. Watu hudhani ni hasara, alisema, lakini hakuna tangazo linalolishinda kinywa. Tena mtu hanunui kwa sababu kitu ni kitamu, maana vitamu ni vingi duniani. Hununua kwa sababu amekula cha mtu na sasa anaona haya kumgeuzia mgongo. Hiyo haya, alisema Bwana Gérard, ndiyo mali ya kampuni.

Clotilde alimwelewa kuliko alivyotarajia. Hata kwao Kasai mkono mtupu haulambwi, na aliyekula kwako hakung'oi macho. Neno hilo likamwingia moyoni na kukaa humo, na sasa lilikuwa na idhini ya Mzungu pia.

Siku ya kwanza, katika soko la Kenya, mtaa mwingine wa mji ule, hakuna aliyekula. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe, supu ilitoa mvuke, vikombe vya bati viling'aa, na watu wakasimama kwa mbali wakatazama. Kadiri Bwana Gérard alivyoita kwamba ni bure, ndivyo walivyorudi nyuma. Nani pale hakujua habari za batumbula, wale watu ambao ilisemekana hutumwa na Wazungu kuteka wapita njia ili wanenepeshwe gizani na kuishia kwenye mikebe ya nyama? Mzungu anagawa mchuzi wa nyama na hataki hata senti: nyama ya nini hiyo? Hata mlevi wa soko, ambaye hakuwahi kukataa kitu maishani, alikataa.

Basi Clotilde akafanya alivyofanya mama yake kila mgeni alipofika. Kwao anayetoa chakula huonja kwanza, na mgeni aone koo likimeza. Akajaza kikombe, akanywa mbele yao polepole. Kisha kikombe kile kile akampa binti yake Delphine, mdogo wakati huo, mtoto akanywa akaomba kingine. Bibi mmoja muuza mihogo akacheka, akanyoosha mkono, na baada yake wakaja wote. Bwana Gérard akaandika habari hiyo Brussels kama mbinu yake mwenyewe, na tangu hapo Jadotville, Kolwezi na hadi Kambove, kila meza ya kampuni ilikuwa na mama anayeonja kwanza.

Lakini Mama Onja alikuwa mmoja. Watoto walimwita kwa jina hilo barabarani, na akipita bombani wanawake walimpisha ndoo yake. Alilisha wajawazito, walevi, wafiwa, wafungwa waliotoka jela asubuhi ile. Mwisho akaanza kujiona mama wa mji mzima, na mji, kwa kuwa ulipenda supu, haukumbishia.

*

Jioni ile ya Ijumaa walibishana ndani, mlango umefungwa, kama walivyozoea kufanya kila kitu. Lucien alikuwa mtu wa tai na uma. Hakupenda majirani waone anakula nini. Mama yake, Kaku Kapinga, alikuwa tayari amefunga mzigo wake na kuukalia katikati ya chumba. Hakubishana na mtu.

Lucien alisema nyumba tatu za mtaa wao zimeshachomwa. Clotilde akajibu kwamba wenye nyumba hizo walikuwa wafanyabiashara wenye majivuno, watu waliowauzia majirani unga kwa bei ya dhahabu, nani angewalilia? Lucien akasema hata fundi Rigobert, ambaye hakuwa na unga wala majivuno, alivunjwa mkono mbele ya wanawe. Hapo Clotilde akaweka chini nguo aliyokuwa akiikunja.

"Lucien, weye unaogopa bantu benye miye nilikulishaka. Katuba yote ilikulaka ku mukono yangu. Muntu akisha kukula ku mukono yako, hawezi kuinua yake juu yako. Kwetu iko vile, na hapa iko vile."

"Ile ilikuwa wakati ya amani."

"Tumbo haina wakati," Clotilde akasema.

Ukweli ni kwamba Lucien alitaka kushindwa katika mabishano yale. Alikuwa amesikia habari za kambini: vibanda vya makaratasi na matawi, choo kinachimbwa hatua chache kutoka jikoni, watu wazima wamepanga mstari na sahani mkononi wakingoja unga wa mahindi kama kuku. Akajiona yeye humo, karani wa daraja la kwanza, akisukumana kwa ajili ya sahani. Na nyumba ilikuwa ya matofali, yenye saruji chini na vioo madirishani, waliyoijenga kwa kujinyima nguo na nyama. Aibu ikimkaa mtu kooni, humfanya apime hatari kwa mizani mbovu. Akasema basi, afadhali wajaribu.

Wakakubaliana hivi: alfajiri Clotilde aende sokoni kama kawaida na apange meza yake. Lucien, mama yake na watoto waende na mizigo kanisani, wapande lori, wamngoje. Watu wakikwepa kikombe chake, Clotilde aache sufuria huko huko na aje mbio, waondoke. Wakila, watabaki.

"Beye munaenda kuuliza soko," Kaku Kapinga akasema kutoka juu ya mzigo wake. 

Clotilde alipotoka kumwaga maji alimkuta Laurentine kwenye ua wa miti unaotenganisha viwanja vyao. Laurentine na mumewe Floribert walikuwa watu wa kaskazini, wa upande wa Manono, Wakatoliki wenzao, na katika siku zile watu wa kaskazini nao walikuwa wanatazamwa kwa jicho la pembeni, kwa kuwa huko kwao walikuwa wanapigana na serikali ya Katanga. Floribert alikuwa amenunua bendera ya Katanga yenye misalaba ya shaba na kuitundika mlangoni, kubwa kuliko ya mtu yeyote mtaani. Mwoga hujulikana kwa ukubwa wa bendera yake.

Wanawake hao wawili hawakuwa na ugomvi. Zamani kidogo Laurentine aliwahi kumletea Clotilde sahani ya viwavi vya kukaanga kwa nyanya na karanga, akiwa amevipika mwenyewe tangu asubuhi. Lucien alivila akajilamba vidole, nyuma ya mlango. Sahani ya jirani hairudi tupu, hilo Clotilde alilijua. Na siku hiyo alikuwa na kuku jikoni. Lakini kuku alikuwa wa wageni wa Lucien kutoka ofisini, Wakasai wenzao. Basi akaijaza sahani vibe vya kampuni, vya bure, vilivyong'aa katika karatasi zao za dhahabu. Laurentine alishukuru sana. Hakuleta tena sahani nyingine, na Clotilde akadhani ameridhika.

Sasa Laurentine aliuliza kama wataenda na lori. Clotilde akasema hawaendi popote. Mwenzake akatazama dirisha lenye mwanga, kisha akauliza yale mapazia ya sebuleni ni ya kununua au ya kushona. Clotilde akajibu kwa furaha kwamba aliyashona mwenyewe na kwamba atamwonyesha namna ya kukata. Akaingia ndani akawaambia wenzake: mtu mwenye nia mbaya hawezi kukaa akauliza habari za mapazia. Kaku Kapinga akaanza kuwavua watoto viatu ili walale.

*

Alfajiri Bwana Gérard alimkabidhi Clotilde vibe ghalani bila kumtazama. Mkewe na wanawe walikuwa wamekwishavuka kwenda Rhodesia, jambo ambalo kila mpagazi pale alilijua na yeye alidhani ni siri. Clotilde alimuuliza waziwazi kama anaona kuna hatari. Alisema kampuni iko pamoja naye, na kwamba maadamu watu wanakula hakuna wa kuogopwa, kisha akageuka kuhesabisha maboksi ya kupakiwa.

Soko la Kenya siku ile lilikuwa kavu. Nyama hakuna, samaki wa Luapula hawakufika, na unga wa mihogo ulikuwa umepanda bei mpaka watu waliununua kwa kikombe. Clotilde alitandika kitambaa, akawasha mkaa, akavunja vibe ndani ya maji yaliyochemka. Wauzaji wa pembeni walimtazama kama wanavyotazama mtu aliyefufuka. Akajaza kikombe cha kwanza.  Ni lazima tuseme kwamba alikuwa na hofu kubwa. Akanywa. Koo likameza mbele ya soko zima.

Hakuna aliyesogea. Clotilde akajua kwamba mumewe na wanawe wamekaa katika lori wakati huo, na kwamba inampasa aache sufuria na kukimbia. Alikuwa ameshashika pindo la sketi yake ili aondoke, mama mjamzito mmoja alipotoka katika kundi, akachukua kikombe mezani bila salamu na kunywa.

Baada ya hapo ilikuwa kama mafuriko. Walikuja wakiwa na mikebe yao, na mabakuli yao. Walikunywa supu ikiwa bado inaunguza. Mama mmoja alimhimiza mwanawe anywe upesi, mtoto akauliza kama Mama Onja atakuja tena kesho, na mama akamziba kinywa kwa kiganja. Clotilde aliyaona hayo yote kwa ukungu, kwa maana macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya shukrani. Kama angefuta macho angeona kwamba hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni. Yeye alitazama vikombe, na vikombe vilirudi vitupu.

Kisha watu wakapisha, akapita Chanda. Huyu alikuwa mkubwa wa vijana wa chama cha serikali katika mtaa wao, mtu mzima mwenye mabega mapana aliyewahi kuchoma makaa na ambaye sasa alivaa kofia ya kijeshi ingawa hakuwa askari. Ndiye aliyekuwa akiweka alama za chokaa kwenye milango ya Wakasai. Clotilde alijaza kikombe, akaonja mbele yake, akampa kwa mikono miwili. Chanda akanywa. Akarudisha kikombe kijazwe tena, akanywa na cha pili, akajifuta midomo.

"Iko muzuri, Mama Onja," akasema. "Asante."

Clotilde alitamani kupiga magoti. Alimwaga mkaa, akajitwika sufuria tupu, akaenda mbio kanisani na moyo mwepesi kama wa bibi harusi.

*

Lori lilikuwa limejaa mpaka watu walikaa juu ya mbao za pembeni. Lucien alikuwa kati yao, mtoto mchanga Antoine mapajani, Delphine ameshikilia mkono wake. Clotilde akasimama chini, akiwa anahema, akasema wamekula yote, sufuria hii hapa, hata Chanda amekunywa mara mbili na kumshukuru kwa jina.  Mzee mmoja ndani ya lori alimwambia Lucien kwa Kiluba cha Kasai kwamba mtu ana miguu miwili lakini hapandi miti miwili, achague.

Lucien akachagua. Akashusha mizigo, akashusha watoto. Askari Mswidi aliyekuwa mlangoni mwa lori alimwonyesha kwa mkono kwamba arudi juu, akasema maneno ambayo hawakuyaelewa, kisha akainua mabega. Kaku Kapinga peke yake hakushuka. Aliomba aachiwe watoto aende nao, na wazazi wabaki na nyumba yao wailinde. Clotilde akakataa. Alisema watoto wake hawatalala katika matope ilhali wana vitanda, na tena itakuwa tusi kwa majirani waliokula asubuhi hii, wataona hawaaminiwi.

"Fasi batoto beko, njo fasi niko," mama mkwe akasema, akanyoosha mkono ashushwe. Mahali alipokuwa amekaa pakajaa kabla mguu wake haujagusa chini.

Lori likaondoka na vumbi lake. Walirudi nyumbani na mizigo vichwani, mchana kweupe, mtaa mzima ukiwaona, na Clotilde aliwasalimu watu wote kwa majina yao. Wengine waliitikia. Mchana ule alipika vizuri, akafunga mlango, wakala. La kuvunda halina ubani, lakini siku ile nyumba yao ilinukia.

*

Walikuja Jumapili, misa ya pili ilipotoka, kwa hiyo wengi walikuwa bado na nguo zao nzuri. Mbele alikuwa Chanda na vijana wake, na nyuma ya vijana walikuwa majirani, wanawake kwa wanaume, wengine na mikokoteni. Hawakuimba kama walivyofanya kwingine. Mikokoteni ndiyo iliyosikika.

Lucien alifunga tai, akatoka. Alikuwa ameamua kuzungumza nao kwa Kifaransa, kama mtu na watu. Alisema "Messieurs," akanyoosha mkono kusalimiana, na chuma kikamshukia upande wa kichwa. Hakulia. Alikaa kwanza kwenye kizingiti kama mtu aliyechoka, kisha akalala.

Clotilde alitoka akamkuta pale, akamwinua kichwa akakiweka mapajani mwake. Vijana wakapita juu yao, wakiinua miguu ili wasiwakanyage, wakaanza kutoa vitu: meza, cherehani, vitanda vya watoto. Mtu mmoja alikuwa ameshapanda juu ya paa na kung'oa mabati. Ndani, Kaku Kapinga alikuwa amewafunika watoto kwa kanga yake kwenye kona, na hao hakuna aliyewagusa.

Clotilde akainua macho awatazame watu. Aliwajua wote. Alimjua nani hupenda chumvi nyingi na nani hupulizia supu kwanza. Alimwona yule mama mjamzito wa jana, akiwa ameegemea mkokoteni. Akamwona Laurentine amesimama mbele kabisa, mikono amekunja kifuani, na karibu yake Floribert akitazama ardhi. Clotilde akahisi hasira kuliko hofu, hasira ya mtu aliyedhulumiwa haki yake iliyo wazi.

"Laurentine," akasema, "baambie. Weye njo unajua. Beye bote mulikulaka ku mukono yangu."

 Laurentine aligeuka kumtazama Chanda, akaona Chanda anangoja kusikia atakachosema mtu wa kaskazini. Lakini alipojibu hakujibu kwa woga, wala kwa chuki. Aliongea taratibu, kama mtu anayemsahihisha mwenzake jambo la nyumbani.

"Tulikulaka ya Bazungu, Mama Delphine. Weye ulikuwa unatugawia tu. Ya mu nyumba yako, hatukulaka hata siku moya."

Clotilde alifungua kinywa amkanushe. Alitafuta. Alirudi nyuma miaka yote, Krismasi, komunyo ya Delphine, kuzaliwa kwa Antoine, arobaini ya baba mkwe, akitafuta mtu mmoja tu wa mtaa ule aliyewahi kuketi kwenye meza yake na kumega bukari, ugali wa huko, pamoja naye. Wageni walikuja wengi machoni pake, wote na majina ya Kasai. Kwenye mlango uliofungwa hakumwona jirani hata mmoja. Akafunga kinywa, na uchungu uliomshika pale ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu haukuwa na wa kumlaumu.

Mapajani mwake kichwa cha Lucien kilikuwa kimekuwa kizito. Aliweka kiganja mbele ya pua yake, akangoja, hakuhisi kitu.

Chanda akamwambia, bila kelele, kwamba mabati yakiisha kung'olewa wanataka kuchoma, kwa hiyo aondoe watu wake kiwanjani. Clotilde akasema mumewe amekufa na hawezi kumbeba peke yake. Akaomba wamwazime mkokoteni mmoja, hata mbovu, ataurudisha. Mwenye mkokoteni wa karibu akasema una mzigo. Akaomba mwanaume mmoja tu amsaidie kumfikisha barabarani. Alimwita Floribert kwa jina, na Floribert akaingia nyumbani kwake. Akawaita wengine kwa majina yao, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa alikuta ana la kufanya mahali pengine.

Ndipo Kaku Kapinga alipotoka ndani. Alimfunga Antoine mgongoni kwa Delphine, akaikaza kanga mara mbili, akamwambia msichana atangulie na asigeuke nyuma. Kisha akainama juu ya mwanawe, akamfumba macho, akamlegeza tai shingoni. Clotilde alimngoja aseme lile ambalo alikuwa na haki ya kulisema. Mama mkwe hakulisema, si wakati ule wala miaka iliyofuata.

"Shika miguu," akasema. "Kichwa iko yangu."

Clotilde akashika miguu. Wakamwinua, wakamlaza, wakapumzika, wakamwinua tena, mpaka wakaifikia barabara iendayo kambini. Barabara ilijaa watu waliotoka kanisani, na wote waliwapisha.